Kompyuta Inangoja Nini?

Mazungumzo ya leo yanahusu kasi ya kompyuta ya nyumbani. Mada hii inagusa nyumba nyingi, kwa sababu kompyuta iliyonunuliwa ikiwa nyepesi na yenye kuitikia kila amri, mara nyingi baada ya miaka michache huanza kusuasua, ikawa inachukua dakika kadhaa kuwaka, inaganda katikati ya kazi, na kumwacha mwanafunzi anayemalizia ripoti yake, au mwenye duka anayeandika hesabu za siku, akitazama kiduara kinachozunguka kwenye skrini bila kujua kinachoendelea ndani. Kwa nini iwe hivyo? Je, kompyuta huishiwa nguvu kadiri inavyotumika? Na je, dawa yake ni kununua nyingine?

Kabla ya kujibu maswali hayo, inafaa kutaja sehemu tatu ambazo zitarudiwa mara kwa mara katika mazungumzo haya. Ya kwanza ni prosesa, yaani kipande kidogo cha silikoni kinachofanya hesabu na kutekeleza amri zote za programu. Ya pili ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi na wauza vifaa huiita RAM, nayo ni mahali ambapo programu na mafaili yanayotumika kwa wakati huo huwekwa ili prosesa iyafikie upesi, na yote yaliyomo hufutika kompyuta inapozimwa. Ya tatu ni diski kuu, ambayo madukani huitwa hadi diski, nayo ndiyo hifadhi ya kudumu ya picha, nyaraka, muziki na programu zote, ziwe zinatumika au hazitumiki. Kasi ya kompyuta hutokana na jinsi sehemu hizi tatu zinavyopokezana kazi, wala haitokani na moja peke yake.

Kwa kuanza na prosesa, hiyo haizeeki kwa namna ambayo watu wengi hudhani. Mapigo yake huongozwa na kipande cha fuwele kinachotetema kwa kiwango kisichobadilika, kwa hiyo prosesa iliyouzwa mwaka 2014 kwa kasi ya gigahezi 2.5, yaani mapigo bilioni 2.5 kwa kila sekunde, ingali na uwezo wa kufikia kasi hiyohiyo leo. Ikiwa ndivyo, uzito unatoka wapi? Unatoka katika kungoja. Kompyuta nyingi zinazosemwa kuwa ni nzito hazikupungukiwa na nguvu, bali sehemu moja yenye kasi kubwa inakaa bure ikingoja sehemu nyingine yenye kasi ndogo, mithili ya mpishi hodari wa pilau ya harusi ambaye moto umeshakolea na sufuria iko mekoni, lakini kijana aliyetumwa vitunguu sokoni hajarudi. Kumtafuta mpishi mwingine mwenye mikono myepesi zaidi hakutaiharakisha pilau hiyo hata kidogo. Swali ambalo msikilizaji anaombwa alishike tangu sasa, kwa kuwa litarudi tena na tena, ni hili: kompyuta hii inangoja nini?

Kanuni iliyo nyuma ya swali hilo ilipewa sura ya kihesabu mwaka 1967 na mhandisi wa Marekani Gene Amdahl, ambaye hoja yake ilihusu prosesa nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, lakini maana yake inaenea hadi kwenye kompyuta iliyoko sebuleni: faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi ina mpaka, na mpaka huo huwekwa na sehemu ambayo haikuharakishwa. Ichukuliwe kwamba kompyuta fulani huchukua sekunde 100 kuwaka, na katika hizo, sekunde 90 ni za kungoja diski na sekunde 10 tu ndizo za prosesa kufanya kazi yake. Mwenye kompyuta akiweka prosesa yenye kasi mara mbili ataokoa sekunde 5, na kompyuta itawaka kwa sekunde 95, tofauti ambayo huenda asiitambue kabisa. Akiiacha prosesa ileile na kuweka diski yenye kasi mara kumi, zile sekunde 90 zitakuwa 9, na kompyuta itawaka kwa sekunde 19. Fedha zinaweza kuwa zilezile, lakini matokeo hayafanani, na kinachotofautisha ni kujua mapema mahali pa kungojea ni wapi.

Sasa, mahali hapo hujulikanaje? Habari njema ni kwamba utambuzi huu hauhitaji fundi wala programu ya kununua. Kwenye kompyuta inayotumia Windows, ambayo ndiyo programu endeshi iliyoenea zaidi majumbani, yaani programu mama inayosimamia vifaa na programu nyingine zote, vitufe vitatu vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja hufungua dirisha linaloitwa Task Manager, ambalo kazi yake ni kuonyesha kila programu inayoendelea na kiasi cha nguvu inachotumia. Dirisha hilo likionekana dogo na tupu, kuna mahali pa kubonyeza ili lipanuke na kutoa maelezo zaidi, na hapo hutokea safu zenye asilimia: ya prosesa, ya kumbukumbu, ya diski na ya mtandao. Mtazamaji anatakiwa aliache dirisha hilo wazi, aendelee na kazi ile inayomchosha, kisha aangalie ni safu ipi inayopanda na kukaa karibu na 100. Ikiwa diski imekwama kwenye 100 huku prosesa ikiwa kwenye 10 au 15, jibu limeshapatikana: prosesa inangoja diski. Ikiwa kumbukumbu ndiyo imejaa, hilo nalo ni jibu. Na ikiwa safu zote zimetulia, hali kurasa za intaneti hazifunguki, basi tatizo haliko ndani ya kompyuta.

Hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu watu wengi hulaumu kompyuta kwa kosa la mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya bahari na kubeba sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki, yaani EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na katika siku zilizofuata kompyuta mpya na kuukuu kutoka Dar es Salaam hadi Kampala zilionekana nzito kwa kiwango kimoja. Katika hali ya namna hiyo hakuna kifaa cha kuongeza ndani ya kompyuta ambacho kingeleta nafuu. Kipimo chepesi ni kufungua kazi isiyohitaji intaneti, kama waraka mrefu ulioko kwenye diski au folda yenye picha nyingi. Ikiwa hiyo inafunguka haraka, kompyuta haina hatia.

Baada ya kuutenga mtandao, mazungumzo yanaingia katika diski, na hapa panastahili kukaa kwa muda, kwa kuwa ndipo penye mzizi wa uzito wa kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka michache iliyopita, zikiwemo zile zilizotumika Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba kabla ya kufika katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Hadi diski ni uvumbuzi wa mwaka 1956, wakati kampuni ya IBM ilipotoa mtambo wenye sahani 50 za kipenyo cha zaidi ya nusu mita, zilizozunguka kwenye mhimili mmoja, na ukubwa wote huo ulihifadhi takriban herufi milioni 5 tu. Tangu hapo sahani zimepungua ukubwa na uwezo wake wa kuhifadhi umeongezeka kwa kiwango ambacho wavumbuzi wake wasingekisadiki, lakini jambo moja halikubadilika: sahani lazima izunguke, na mkono wenye kichwa cha kusomea lazima usogee hadi mahali data ilipo. Katika kompyuta za nyumbani sahani hizo huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kila data inapotakiwa kutoka sehemu nyingine ya sahani, mkono husogea, kisha hungoja mahali hapo pazunguke mpaka chini yake.

Safari hiyo huchukua kama sehemu 12 kati ya elfu za sekunde moja, muda ambao kwa binadamu si kitu. Lakini kwa prosesa ya gigahezi 2.5, muda huo ni mapigo milioni 30, na yote hayo yanaweza kupita bila kazi. Tena kompyuta inapowaka haisomi faili moja refu lililonyooka, bali husoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande kina safari yake. Kwa hiyo diski ambayo inanakili filamu nzima kwa kasi ya kuridhisha inaweza kuchukua dakika tatu kuiwasha Windows, na hakuna ukinzani wowote katika hilo, kwa sababu kunakili filamu ni mwendo mmoja mrefu, ilhali kuwasha kompyuta ni kwenda na kurudi kusikoisha.

Diski ya aina mpya, inayojulikana madukani kwa herufi SSD, haina sahani wala mkono. Data zake hukaa ndani ya vipande vya silikoni, na kipande chochote hufikiwa kwa umeme katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya ule uliotajwa, na mara nyingi chini ya sehemu moja ya mia. Hiyo ndiyo sababu kompyuta ya mwaka 2012 iliyobadilishiwa diski huonekana kama imefufuka, na inaweza kusemwa bila kusita kwamba kwa kompyuta yoyote ya nyumbani ambayo bado inatumia sahani zinazozunguka, hakuna matumizi mengine ya fedha yanayokaribia badiliko hili kwa faida, hata kununua prosesa, hata kuongeza kumbukumbu. Uwezo mkubwa wa kuhifadhi hauhitajiki. SSD ya gigabaiti 240 au 256 huwatosha wengi, na picha za familia na video zinaweza kubaki kwenye diski ya zamani, iliyotiwa ndani ya kasha lake la USB na kutumiwa kama hifadhi ya nje.

Yapo, hata hivyo, mambo mawili ya kutahadhari. La kwanza ni umbo. Kompyuta mpakato nyingi za zamani hupokea SSD yenye umbo la bapa la inchi 2.5, lile lile la diski inayotolewa, ilhali nyingi za miaka ya karibuni hutumia kijibamba chembamba kinachochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na baadhi ya zile za bei ya chini kabisa zina hifadhi iliyounganishwa kwa risasi kwenye ubao huo, ambayo haiwezi kutolewa. Inafaa kompyuta ifunguliwe na kutazamwa kabla ya kulipa. La pili ni bidhaa za kughushi, ambazo huandikiwa kiwango kikubwa cha uhifadhi na hata kukitangaza kwa kompyuta, lakini data zinapozidi uwezo wake halisi, za mwanzo hufutwa kimyakimya. Bei iliyo chini mno ya bei za maduka mengine ndiyo dalili ya kwanza, na njia ya kuthibitisha ni kuijaza diski hiyo mafaili hadi mwisho, kisha kuyafungua yale yaliyotangulia kuingia.

Je, itakuwaje ikiwa diski yenyewe inaugua? Swali hili ni muhimu kuliko yote yaliyotangulia. Diski ya sahani inayokaribia kufa husoma mahali palepale mara nyingi ikijaribu kupata data, na dalili zake ni ile safu ya diski kukwama kwenye 100 huku kiasi kinachosomwa kikiwa kidogo sana, mafaili kukataa kufunguka, na wakati mwingine sauti ya kugonga inayorudiarudia. Kila diski hutunza rekodi ya afya yake, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo huweza kuisoma rekodi hiyo na kutoa onyo. Onyo likitoka, shughuli za kuongeza kasi zisimame zote, na kazi ya kwanza iwe kunakili nyaraka na picha zisizo na mbadala.

Wasikilizaji wapenzi, baada ya diski inafuata kumbukumbu ya muda, na swali ni lilelile: kompyuta inangoja nini? Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester nchini Uingereza kilizindua kompyuta iliyoitwa Atlas, ambayo wahandisi wakiongozwa na Tom Kilburn waliipa uwezo mpya: kumbukumbu yake ya kasi ilipojaa, ilihamisha sehemu isiyotumika hadi kwenye hifadhi ya polepole na kuirudisha ilipohitajika, bila ya mwandishi wa programu kuhangaika. Kompyuta zote za nyumbani za leo zinafanya hivyo hivyo, na kwa sababu hiyo kumbukumbu ikijaa kompyuta haisimami, bali huanza kuitumia diski kana kwamba ni kumbukumbu. Lakini diski, kama ilivyokwishaelezwa, ni ya polepole mno. Mwaka 1968 mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning alieleza hali mbaya zaidi inayoweza kufuata, ambapo kompyuta hutumia muda mwingi kuhamisha vitu kutoka kwenye kumbukumbu kwenda kwenye diski na kuvirudisha kuliko muda inaotumia kufanya kazi yenyewe. Anayefungua waraka mmoja, karatasi ya hesabu moja na kurasa 20 za intaneti kwenye kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 anaijua hali hiyo, hata kama hajapata kusikia jina la Denning.

Kurasa za intaneti ndizo walaji wakubwa. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa hizo, zamani kilikuwa programu moja, lakini tangu Chrome ilipotoka mwaka 2008, vivinjari vingi vimefuata mtindo wa kuuendesha kila ukurasa, au karibu kila ukurasa, kama programu inayojitegemea, ili mmoja ukianguka usiangushe mingine. Ni mpango mzuri wa usalama, na gharama yake ni kumbukumbu. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani kununua RAM, ni vyema kufunga kurasa ambazo zimeachwa wazi tangu wiki iliyopita kwa matumaini ya kusomwa, na kuondoa vijiprogramu vilivyochomekwa kwenye kivinjari ambavyo hakuna anayekumbuka vilitoka wapi. Ikiwa bado safu ya kumbukumbu iko juu, gigabaiti 8 ndicho kiwango kinachozipa kazi za kawaida za nyumbani na ofisi ndogo nafasi ya kupumua, na zaidi ya hapo huwafaa wanaohariri video au picha kubwa. RAM zina vizazi, DDR3, DDR4 na DDR5, na kipande cha kizazi kimoja hakiingii katika nafasi ya kizazi kingine, kwa kuwa mkato wake uko mahali tofauti. Njia salama ni kutoa kile kilichomo na kwenda nacho dukani.

Kuhusu programu zinazojiwasha zenyewe, maelezo hayahitaji urefu. Ndani ya Task Manager kuna ukurasa wa programu zinazoanza pamoja na kompyuta, na nyingi kati yake, kama vile za mikutano ya video, za michezo na za kusasisha printa ambayo ilishaharibika, zinaweza kuzuiwa bila madhara, mradi programu ya kukinga virusi isiguswe. Na ya kukinga virusi iwe moja. Mbili zikikaa pamoja hukagua faili lilelile mara mbili na wakati mwingine hushukiana, na Windows za tangu mwaka 2012 huja na kinga yake yenyewe ambayo kwa nyumba nyingi inatosha.

Sasa kuna hali moja ambapo prosesa yenyewe hupunguza kasi kwa makusudi, nayo ni joto. Prosesa ina kipimajoto ndani yake, na ikihisi kwamba inakaribia kiwango cha hatari hupunguza mapigo yake ili isiungue. Mwenye kompyuta huona tu kwamba kazi inakwenda vizuri kwa dakika kumi za mwanzo, kisha inazorota. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, ambako hewa ni ya joto na unyevu, na katika miji ya bara yenye vumbi kama Dodoma, jambo hili si la kupuuzwa. Vumbi hujikusanya kati ya feni na mapezi ya chuma yanayotoa joto mpaka likawa zulia, na grisi maalumu iliyopakwa kati ya prosesa na chuma hicho hukauka baada ya miaka. Kusafisha kwa brashi laini na blowa, feni ikiwa imezuiwa isizunguke kwa kasi ya upepo huo, pamoja na kupaka grisi mpya, ni kazi ya saa moja kwa fundi anayejua. Kompyuta mpakato isiwekwe juu ya godoro au mto, kwa sababu matundu yake ya hewa mara nyingi yapo chini.

Jambo linalokaribiana na hilo, ambalo hata mafundi wengine hawalikumbuki, ni chaja. Baadhi ya kompyuta mpakato huwasiliana na chaja yake ili kujua inatoa umeme kiasi gani, na zikichomekwa chaja isiyotambulika, au yenye nguvu ndogo kuliko ile ya asili, hushusha kasi ya prosesa kwa kiwango kikubwa bila maelezo yoyote zaidi ya ujumbe mfupi wakati wa kuwaka. Kwa hiyo ikiwa uzito ulianza siku chache baada ya kununuliwa chaja mpya ya bei nafuu, jibu la swali la leo huenda liko kwenye waya uliochomekwa ukutani.

Yapo pia mazoea ambayo yameenea sana na hayana faida inayodhaniwa. Watu wengi hubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuonyesha upya, mara tano, mara kumi, wakiamini kwamba kompyuta inapata wepesi; kinachofanyika ni kuchorwa upya kwa alama zilizo kwenye skrini, basi. Wengine hufundishana kufuta kila kilichomo kwenye folda ya Prefetch, ambamo Windows, tangu toleo la XP la mwaka 2001, huandika kumbukumbu za namna programu zinavyoanza ili iziwashe haraka zaidi mara nyingine. Kuzifuta ni kuilazimisha kompyuta ijifunze upya, kwa hiyo tendo lililokusudiwa kuongeza kasi huipunguza. Kufuta mafaili ya muda hakuna ubaya, na kunasaidia pale diski ilipojaa karibu kabisa, kwa sababu programu endeshi huhitaji nafasi ya kufanyia kazi zake. Programu zinazotangaza kusafisha rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, au kuongeza RAM kwa kubonyeza kitufe kimoja, ni za kuepukwa. Za aina ya pili hazina zinachoongeza, na baadhi yake ndizo hubeba virusi vyenyewe.

Linabaki suala la kuzima. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kuzima kompyuta kwa kawaida hakumaanishi kuizima moja kwa moja, kwa kuwa sehemu ya ndani ya programu endeshi huhifadhiwa kwenye diski kama ilivyo na kurudishwa asubuhi, ili kuwaka kuwe kwa haraka. Matokeo yake ni kwamba hitilafu ndogo zilizojikusanya hurudishwa nazo. Anayetaka kompyuta ianze upya kikweli anapaswa kuchagua amri ya kuwasha upya na si ya kuzima, jambo linalowashangaza wengi ambao kwa miezi huizima kompyuta yao kila usiku na kudhani kwamba kila asubuhi inaanza upya.

Hatimaye kuna kile ambacho mafundi wa mitaani hukiita kupiga Windows, yaani kufuta kila kitu na kuweka programu endeshi upya. Hurudisha wepesi, hasa kwenye kompyuta iliyojaa mabaki ya programu za miaka mingi au iliyoingiliwa na virusi, lakini hutumiwa mno kama dawa ya kila ugonjwa, na kompyuta yenye diski ya sahani iliyochoka itarudi kwenye uzito wake baada ya wiki chache. Tena programu zenyewe zinazidi kuwa kubwa. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mwanasayansi wa Uswisi aliyeunda lugha ya programu ya Pascal, alilalamika kwamba programu zinakuwa nzito kwa haraka kuliko vifaa vinavyokuwa vyepesi, na aliyeweka Windows ya leo kwenye kompyuta ya mwaka 2010 hatakuwa na sababu ya kumpinga.

Kompyuta za umri huo zina tatizo jingine. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukubali rasmi zile tu zenye prosesa za kuanzia takriban mwaka 2018 na kifaa maalumu cha usalama, kwa hiyo kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zimeachwa njiani. Kwa nyumba ambayo kazi yake ni kuandika, kusoma barua pepe na kufungua kurasa za intaneti, Linux, programu endeshi ya bure iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi nchini Finland, ni njia inayostahili kujaribiwa, hasa matoleo yake mepesi kama Lubuntu na lile la Linux Mint linalotumia mandhari ya Xfce. Ubora wake ni kwamba huweza kuwekwa kwenye flashi na kuwashwa kutoka humo bila kugusa chochote kilicho kwenye diski, na mwenye kompyuta akaona kama printa yake inaitika, kama sauti inatoka, na kama mtandao wa Wi-Fi unashika, kabla ya kuamua. Ikiwa kuna programu moja ya hesabu za duka ambayo haifanyi kazi pasipo Windows, flashi huchomolewa, kompyuta ikawashwa tena, na kila kitu kikawa kama kilivyokuwa.